Llandudno au Tenby? Kuchagua safari ya basi kwenda Wales

Ikifika Februari simu yangu huanza kujaa picha za vipeperushi. "Dada, hii ya Wales siku tano unaionaje?" Wanaouliza ni Waswahili wenzangu wa huku Uingereza, wa Leicester, Coventry na Birmingham, na wengi wana mzazi anayekuja kutembea kiangazi. Hawataki mzee akae miezi mitatu sebuleni akikodolea macho televisheni ya lugha asiyoielewa. Basi la kitalii linawatatulia mengi: hakuna kuendesha, hakuna kuhangaika na maegesho, mizigo inabebwa, chai ya asubuhi na chakula cha jioni vimo ndani ya bei. Sisi huku tumezoea kuliita kochi. Ndugu wa nyumbani tukiwaambia tumekwenda Wales na kochi wanacheka, wanadhani tumebeba sebule.

Wales, nchi iliyo sehemu ya dola ya Uingereza upande wa magharibi, ina kilomita za mraba 20,779, yaani ni ndogo kuliko Mkoa wa Tanga, na watu wake ni kama milioni 3.1. Mtu wa Tanga kama mimi, ukimwambia kuna nchi ndogo yenye pwani mbele na milima mgongoni, hashangai, ndivyo alivyozaliwa. Kinachomshangaza ni ngome. Ziko zaidi ya 600, nyingine zimebaki ukuta mmoja tu katikati ya malisho ya kondoo.

Vipeperushi navyo hushindana kwa idadi hiyo hiyo: hiki ngome tatu, kile ngome tano. Mimi nakwambia ziache kwanza, utafute ule mstari mdogo unaosema utalala wapi. Safari nyingi za namna hii zina hoteli moja tu, basi linakutoa asubuhi na kukurudisha jioni. Ngome utaiona kwa saa moja na nusu. Mji unaolala utauona kila siku, pamoja na ngazi zake, upepo wake na maduka yake. Na miji inayojirudia kwenye ratiba za Wales ni miwili: Llandudno, kaskazini, na Tenby, kusini-magharibi. Nimelala kote kuwili. Llandudno nilikwenda na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga. Tenby nilikwenda mwaka uliofuata na wenzangu wawili wa kazini.

Tambarare yenye kokoto, au mchanga wenye ngazi

Llandudno ni mji wa ufukweni uliopangwa karne ya 19 kwa ajili ya wageni, na unaonekana hivyo: hoteli nyeupe zimejipanga kwa mstari uliopinda kufuata ghuba, mbele yake njia pana ya kutembea, kisha bahari. Njia yenyewe ni tambarare toka mwanzo hadi mwisho, kiasi cha kilomita tatu, na mabenchi kila hatua. Mama mkwe, ambaye magoti yalishamsaliti zamani, aliitembea kidogo kidogo kwa siku nne na akaimaliza. Mwisho wa ghuba kuna gati refu la kutembelea, lililofunguliwa 1877, refu kuliko yote Wales. Nyuma ya gati kunainuka kilima cha Great Orme, mita 207, na unapandishwa juu na tramu inayovutwa kwa kamba ya chuma tangu 1902. Huko juu kuna mbuzi wenye manyoya marefu, asili yao Kashmir. Mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, mbuzi hao walishuka mjini wakala maua ya bustani za watu, picha zao zikazunguka dunia nzima.

Kasoro ya Llandudno ni ufukwe. Upande wa hoteli ni kokoto. Mtu aliyezoea Raskazone au Pangani atautazama na kuuliza ufukwe wenyewe uko wapi. Mchanga upo upande wa pili wa mji, West Shore, lakini huko kuna upepo na hakuna pilikapilika.

Tenby ni kinyume chake. Mchanga wake ni wa kweli, mpana, wa rangi ya biskuti. Nyumba za bandarini zimepakwa waridi, buluu na manjano, na mji wa zamani umezungukwa na ukuta wa mawe. Kwa macho tu, Tenby inaishinda Llandudno bila ubishi. Ila mji umekaa juu ya jabali na fukwe ziko chini yake. Kila ukitaka kukanyaga maji unashuka ngazi, na kila ukitaka chai unazipanda. Sisi watatu wenye miguu mizima tulifurahi. Siku ya pili tulimkuta bibi mmoja wa basi letu amekaa juu kwenye benchi, anatazama wenzake walio mchangani. Alituambia hajashuka tangu afike.

Ngome, na kasri

Waingereza wana neno moja kwa vyote viwili. Kiswahili kinatusaidia kutenganisha: ngome ni ya vita na vitisho, kasri ni ya kukaa kwa raha na kujionyesha. Ukitofautisha hivyo utajua kipeperushi kinakuuzia nini.

Kaskazini ni nchi ya ngome hasa. Llywelyn ap Gruffudd, anayehesabiwa mtawala wa mwisho wa Wales huru, aliuawa Desemba 1282. Mwaka uliofuata tu Edward I wa Uingereza akaanza kumwaga mawe: Conwy, Caernarfon na Harlech zote zilianza 1283, na Beaumaris ikafuata 1295 baada ya wenyeji kuasi. Zote zilipangwa karibu na maji ili meli zilete chakula na askari hata ngome ikizingirwa na watu wa nchi. Ukisimama chini ya minara ya Conwy utajua kazi yake bila kuelezwa. Ni kazi ile ile Wareno waliyoifanya Mombasa 1593 walipoanza Fort Jesus, kukalia mlango wa bahari kwa jiwe. Pale Conwy hata mji ulizungushiwa ukuta wa kilomita 1.3 wenye minara 21, ndani wakaishi walowezi wa Kiingereza. Ukuta bado upo. Ngome hizi nne ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1986, na kutoka Llandudno unaifikia Conwy kabla hujamaliza pipi mdomoni.

Hapa magoti yanarudi tena. Conwy ni ya ngazi za kuzunguka, nyembamba, kamba ya kushikilia upande mmoja. Mzee asiyeweza ngazi aishie uani, kisha ashuke bandarini akaone nyumba ndogo kuliko zote Uingereza, nyekundu, ambayo upana wake haufiki mita mbili. Beaumaris imejengwa mahali tambarare na haikuwahi kumalizika, fedha ziliisha, kwa hiyo ni fupi na pana. Wazee wengi huipenda. Caernarfon ndiyo kubwa kwa fahari, minara yake ina pembe badala ya duara na ukuta una mistari ya mawe ya rangi mbili. Tangu 2023 ina lifti kwenye lango kuu. Mama mkwe alipanda nayo hadi juu, akatazama mlango wa bahari wa Menai, akasema, "Kumbe hata huku walikuwa wanaogopana."

Kasri ya kaskazini ni Penrhyn, karibu na Bangor, na ratiba nyingi zinaipitia kwa sababu ya bustani na samani. Imejengwa miaka ya 1820 na 1830 kwa sura ya ngome ya kale, lakini hakuna aliyewahi kuishambulia. Ndani kuna kitanda cha jiwe la vibati (slate), lile la kuezekea mapaa, chenye uzito wa tani nzima. Fedha ya ukoo wa Pennant ilitoka kwenye machimbo ya mawe hayo, na kabla ya hapo kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika. Utumwa ulipofutwa, mwenye kasri ndiye aliyelipwa fidia, kwa watu 764. Siku hizi hilo limeandikwa wazi ndani ya vyumba. Mtu aliyekulia pwani yetu, aliyepelekwa na shule kuona lilipokuwa soko la watumwa Mkunazini, hawezi kuvipita vyumba vile kama mtu anayetazama mapazia. Mimi nilitoka nje mapema, nikakaa bustanini.

Kwa upande wa Tenby, ngome ya kwenda ni Pembroke, alikozaliwa Henry VII mwaka 1457. Ni nzuri, imezungukwa na maji pande tatu, ina mnara mnene wa duara katikati. Lakini ni moja. Caerphilly, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote Wales na ina mnara ulioinama kuliko ule wa Pisa, Italia, iko karibu na Cardiff, mbali na Tenby. Baadhi ya mabasi husimama hapo njiani. Cardiff Castle na Castell Coch, zenye dari za dhahabu na kuta za picha zilizotengenezwa na William Burges karne ya 19, nazo ziko huko huko. Hizo mbili mimi nazihesabu kuwa kasri, na kwa anayependa mapambo ni bora kwenda Cardiff kwa treni siku moja kuliko kuzitafuta kwa basi la siku tano.

Mlima

Hapa sina mengi ya kulinganisha. Kaskazini kuna milima, Tenby haina. Karibu na Tenby kuna vilima vya Preseli, ambako yalitoka mawe ya buluu ya Stonehenge, lile duara la mawe ya kale kusini mwa Uingereza, na kilele chake ni mita 536. Vilima vya kupendeza kupita, basi.

Kutoka Llandudno unafika Llanberis, na kutoka Llanberis kuna treni ya mlimani tangu 1896 inayopanda Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote Wales, ambao Waingereza huuita Snowdon. Urefu wake ni mita 1,085. Ndiyo, mji wa Lushoto uko juu kuliko kilele hicho. Usicheke lakini. Mlima huu unainuka karibu na bahari, mvua na upepo vinaupiga mfululizo, na timu iliyopanda Everest mwaka 1953 ilifanya mazoezi kwenye miteremko yake. Treni inachukua kama saa moja kupanda, nusu saa ya kukaa juu, saa moja kushuka. Upepo ukizidi haifiki kileleni, inaishia kituo cha chini yake, na majira ya baridi haiendi kabisa.

Jambo la kuuliza kabla ya kulipa: je, tiketi ya treni imo ndani ya bei, au basi linakushusha Llanberis ujitegemee? Maneno "kutembelea Snowdon" kwenye kipeperushi yanaweza kumaanisha kuutazama mlima kupitia dirishani. Mimi niliyasoma haraka. Tulipofika, tiketi za siku ile zilikuwa zimekwisha, tukanywa chai.

Bahari na visiwa

Hapa Tenby inalipa deni. Mkoa wake, Pembrokeshire, una hifadhi ya taifa iliyotengwa 1952 hasa kwa ajili ya pwani. Kutoka Tenby boti ndogo zinakwenda kisiwa cha Caldey, kama dakika 20, ambako watawa wa Kikristo wanaishi kwa ukimya na kuuza chokoleti na manukato wanayotengeneza wenyewe. Jumapili hakuna boti. Maji yakijaa unapandia bandarini, yakipwa unapandia ufukweni, jambo ambalo kwa mtu wa pwani halihitaji maelezo ila liliwachanganya sana abiria wa basi letu. Siku ile wanaume waliruhusiwa kuingia ndani ya nyumba ya watawa, sisi wanawake tuliishia kanisani na dukani.

Halafu kuna St Davids, mji ambao wakazi wake hawafiki 2,000 na bado una hadhi ya jiji kwa sababu ya kanisa kuu lake. Kanisa limefichwa bondeni, unalishukia ngazi 39. Zama za kati papa alitangaza kwamba kuhiji hapo mara mbili ni sawa na kwenda Roma mara moja. Kama nusu ya kundi lako ni Wakristo wanaopenda mahali pa ibada ya kale, hiyo siku moja inatosha kuchagua Tenby.

Llandudno nako kuna jambo letu, ingawa ratiba nilizoziona hazilitaji. Mji wa jirani, Colwyn Bay, ulikuwa na chuo kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 na mchungaji William Hughes aliyekuwa mmisionari Kongo. Alileta vijana wa Kiafrika wasome dini na ufundi, chuo kikafungwa 1912. Baadhi yao hawakurudi. Wamezikwa Old Colwyn. Na ndani zaidi, Denbigh, ndiko alikozaliwa Henry Morton Stanley mwaka 1841, yule aliyemkuta Livingstone Ujiji 1871 na baadaye akamfanyia kazi Leopold, mfalme wa Ubelgiji, huko Kongo. Sanamu yake imesimama mjini tangu 2011, ameunyoosha mkono. Mwaka 2021 wakazi walipigia kura suala la kuiondoa, wengi wakataka ibaki. Siku ya mapumziko ya dereva unaweza kwenda Colwyn Bay kwa basi la kawaida na kurudi kabla ya adhuhuri.

Barabara na saa

Kutoka Birmingham, Llandudno ni kama kilomita 200, Tenby kama 300. Kutoka Manchester, Llandudno iko karibu zaidi. Kutoka Bristol, chagua Tenby bila kufikiri. London kote kuwili ni sawa, karibu kilomita 390. Lakini kilomita si saa. Basi halikupitii mlangoni; linazunguka kuokota watu, pengine mnakusanywa kwenye kituo kimoja na kubadilishwa magari. Dereva akiendesha saa nne na nusu, sheria inamtaka apumzike dakika 45. Na tangu Septemba 2023 barabara nyingi za mijini Wales zina kikomo cha maili 20 kwa saa, kwa hiyo siku ya kwanza na ya mwisho zihesabu ni siku za njiani, si za matembezi. "Siku tano" ni siku tatu.

Ndiyo maana siipendi aina ya tatu ya safari, ile inayouza Wales nzima kwa mzunguko, kaskazini leo, kusini keshokutwa. Hakuna barabara kuu ya njia nyingi kati ya kaskazini na kusini. Kuna A470, inayotoka Llandudno hadi Cardiff, kilomita 300 za kona, trekta na kondoo. Ukiwa na tumbo imara inapendeza. Mzee atafika hoi, afungue sanduku, alale, alifunge tena.

Barabarani utaona limeandikwa neno kubwa jeupe: ARAF. Mama mkwe, ambaye amehiji, alilisoma la kwanza akanyamaza. La pili akaniuliza, "Tunakwenda Arafa?" Ni Kiwelisi, maana yake polepole. Alama zote huko ni za lugha mbili, na lugha yenyewe bado inasemwa madukani kaskazini. Hata hifadhi ya milima sasa inaitwa rasmi kwa jina lake la asili, Eryri. Ukimsalimu mwenye duka "bore da" asubuhi, uso wake unafunguka.

Vyumba na sahani

Hoteli za mabasi hutoa chakula cha jioni mapema, pengine saa kumi na mbili na nusu. Muislamu aseme wakati wa kulipa kwamba anataka samaki au mboga, asingoje kuusema mezani. Juni jua linazama karibu saa nne kasoro usiku, kwa hiyo Magharibi inakukuta umeshakula na kupiga kitanda. Bebeni pilipili zenu. Chipsi za gatini zishikeni kwa mikono miwili, maana shakwe wa Llandudno hawana haya. Mmoja alimpokonya mama mkwe kipande cha samaki kinywani karibu.

Chumba cha mtu mmoja kina nyongeza, na katika safari za bei nafuu nyongeza hiyo ndiyo inayoua unafuu. Na ulizeni lifti. Majengo ya Llandudno ni ya kizamani. Sisi tulipewa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu siku mbili za mwanzo. Nililalamika, tukahamishiwa chini, chumba kikatazama mapipa ya taka badala ya bahari. Omba chumba cha chini kwa maandishi kabla hujalipa.

Karatasi

Viza ya Uingereza inatosha kwa Wales. Angalia tu ratiba ya kaskazini inayoongeza siku moja Dublin kwa meli kutoka Holyhead. Ireland ni nchi nyingine, na mgeni wako mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza yake. Nimeona mtu akiilipia kabla ya kuligundua hilo.

Kwa hiyo wakiniuliza, nauliza kwanza nani anakwenda. Kuna mzee, au mtoto wa kusukumwa kwenye kigari? Llandudno, Mei au Juni mwanzoni, na kama mnaweza kupata ratiba yenye bustani ya Bodnant, kipindi hicho maua ya manjano yananing'inia kwenye njia ya mita 55 kama dari. Mnakwenda marafiki wenye miguu, mnataka mchanga na boti? Tenby, Septemba shule zikifunguliwa. Nikilazimishwa kuchagua moja kwa pesa yangu mwenyewe, narudi Tenby. Pesa ikiwa ya kumtembeza mama mkwe, ni Llandudno tena, na tayari ameshaniagiza nimwekee nafasi.

Amesema na kiti anachotaka: upande wa dereva wakati wa kwenda, kwa sababu ukishapita Chester bahari inakuwa kulia kwako karibu njia nzima hadi Conwy. Kurudi, upande wa mlango.